Jogoo Aliyepelekwa Endulen

Vijana wanaokuja kwangu siku hizi huja na simu mkononi na swali moja: Bibi, siri ya kufuga ni nini? Nawaambia siri ni kuamka. Wanacheka, wanadhani nawaficha kitu. Mimi nimeshaacha kufuga, magoti yamekataa kuchuchumaa chini ya ng'ombe, kwa hiyo sina sababu ya kumficha mtu chochote. Kaeni niwasimulie nilivyojifunza kazi hii. Msitegemee mpangilio, maana kazi yenyewe haikunijia kwa mpangilio.

Kitu cha kwanza ni samadi. Mtu akikuambia uanze na mbegu, muulize mbegu hiyo itakula nini. Shamba letu lilikuwa juu ya Karatu, upande unaotazama msitu wa Ngorongoro, kipande kidogo cha udongo mwekundu kwenye mteremko mkali. Tulikuwa na ng'ombe mmoja aliyeitwa Sikudhani, mbuzi wawili, kondoo mmoja wa mama yangu, kuku ambao idadi yao waliijua wenyewe, na bustani ya kabichi, karoti, vitunguu na sukuma wiki. Kila asubuhi, kabla ya chai, samadi ilitoka zizini kwenda bustanini kwa karai kichwani. Anayebeba karai la samadi mbichi kwenye mteremko hujifunza mapema kutokupiga chafya.

Watu wa kazi tulikuwa wawili, mimi na mama yangu. Kwa Kiiraqw mama ni Aayo, na ndivyo nitakavyomwita hapa, kwa sababu nikisema Mama tu naona kama namzungumzia mtu mpole.

Mimi nilikuwa na shahada ya chuo kikuu. Miaka ile, mwanamke mwenye shahada pale kwetu alikuwa kama twiga kanisani: watu walimtazama kwa heshima huku wakijiuliza atatokaje. Nilipangiwa ofisi Arusha, idara ya mipango. Nikawa naandika mipango ya ng'ombe ambao sijawahi kuwaona, wa watu ambao hawajawahi kuulizwa. Nikauliza kwa nini. Nikauliza tena. Mkubwa wangu akanipa likizo ndefu, nadhani ili apumzike yeye. Nikaja nyumbani, nikashika karai, na likizo ilipoisha sikurudi.

Aayo alikuwa mjane, na hakuwa mtu wa kupiga kelele. Alisubiri hadi tukawa tunapalilia vitunguu, migongo imeinama, pasipo pa kukimbilia.

"Baba yako aliuza ng'ombe ili usome," alisema.

"Ndiyo, Aayo."

"Umesoma, ukamaliza. Sasa umerudi kufuga ng'ombe."

"Ndiyo."

"Si tungekuachia wale wale."

Nikaendelea kupalilia. Mwaka huo vuli ilikuwa imegoma, nyasi zimekuwa rangi ya mkeka wa zamani, na Sikudhani alikuwa na mimba ya miezi mitano. Aayo akaniwekea sharti. Masika yakinikuta na ng'ombe aliye hai, nibaki, naye hatasema neno tena. Ng'ombe akifa, nipande basi la Arusha nirudi kwenye kiti changu, ambacho mjomba wangu mmoja huko mjini alihakikisha hakijakaliwa na mtu. Nikakubali. Nilikuwa kijana, na kijana hudhani ng'ombe hufa kwa uzembe wa watu wengine.

Niwaambie kidogo nilivyokuwa, mpate kuelewa kosa langu lilitoka wapi. Nilikuwa sikubali jambo mpaka nimelijaribu. Kwa mfano, pale kwetu haifai kumsifu ng'ombe mbele yake, eti maziwa hukauka. Nikauliza, ng'ombe anaelewa lugha gani, Kiiraqw au Kiswahili? Juma zima nikawa nakamua huku namsifu kwa lugha zote mbili, na Kiingereza nikaongeza. Maziwa hayakupungua hata kidogo. Nikamwambia Aayo.

"Alijua unamjaribu," akasema, akaendelea kumenya viazi.

Upande wa pili, vitabu navyo nilivihoji. Kitabu kilisema kabichi zipuliziwe dawa ya aina fulani, na dawa ile haikuwepo Karatu wala Arusha, kama ambavyo sabuni haikuwepo. Nikajaribu majivu ya jikoni, nikayanyunyiza alfajiri majani yakiwa na umande, na viwavi wakapungua. Baadaye afisa kilimo alikuja kuwaonyesha watu kabichi zangu, akasema ni kazi nzuri ya dawa. Sikumsahihisha. Hilo nalo mlijue: mkifanikiwa, watu hutafuta sababu wanayoipenda wao.

Lakini adui mkubwa alikuwa kupe. Josho la kijiji lilikuwepo, maji yalikuwemo, dawa haikuwemo. Ng'ombe waliogelea wakatoka upande wa pili wamelowa, na kupe wao wameoga. Ndigana, homa inayoletwa na kupe, ilikuwa inaua ndama kijiji kizima. Tuliwatoa kupe kwa mikono, kila jioni. Shikeni hili, hata kama leo mnapiga simu daktari anakuja na pikipiki: angalia ndani ya masikio kwanza, kisha chini ya mkia, kisha pale ambapo kiwele kinakutana na paja. Kupe anapenda mahali ambapo wewe unaona haya kuangalia.

Nilipokuwa naangalia hivyo ndipo nikamgundua jogoo. Alikuwa jogoo mwekundu, mkubwa, wa mbegu ya kigeni, mwenye kifua kama cha mwenyekiti wa kijiji. Sikudhani akilala kucheua, jogoo humzunguka polepole akidonoa kupe masikioni, na ng'ombe humnyooshea shingo kama mtu anayenyolewa. Nikamchunguza siku nyingi. Sikio alilopitia jogoo lilikuwa safi kuliko nililopitia mimi. Mkumbuke jambo hili, maana Karatu nzima ilisema baadaye kwamba nilimtoa jogoo kwa ujinga. Nilimtoa kwa utafiti.

Sasa nimlete Nashipai. Nashipai alikuwa mama wa Kimasai kutoka upande wa Endulen, ndani ya hifadhi. Kule kulima kulikuwa kumekatazwa, kwa hiyo akina mama wa kule walikuwa wanashuka na punda wao hadi Karatu, wakilala njiani, na samli na ngozi, wanabadilishana nasi kwa mahindi na maharage. Alikuwa mrefu, mwenye shanga nyingi na maneno machache. Kiswahili chake alikiokota mnadani, akakitumia kama mtu anayelipia kila neno.

Nikaona jambo moja. Nashipai alikuwa anawaita watu majina ambayo si yao. Jirani yetu wa chini, Mama Bura, alimwita Paker, na Mama Bura naye akamwita yeye Paker. Mama mwingine wa karibu na mnada alikuwa Pakine, na yeye kwake ni Pakine vilevile. Mimi aliniita Msomi, kama kila mtu. Nikamuuliza kwa nini.

"Huyu nilimpa kondoo," alisema, akimwonyesha Mama Bura kwa kidevu. "Kwetu kondoo ni enker. Sasa yeye Paker, na mimi Paker."

"Na Pakine?"

"Mbuzi."

"Na mkipeana ng'ombe?"

"Pakiteng."

"Kondoo akifa, jina linakwisha?"

"Kondoo alikufa zamani. Jina linatembea."

"Na mtu ambaye hamjapeana kitu?"

Alinitazama bila ubaya wowote. "Huyo tunabadilishana mahindi."

Mama Bura ndiye aliyenieleza yaliyobaki. Kiangazi kilichopita ndama wake alikuwa anakufa, na Nashipai alimchukua hadi kwenye boma lake, akamlisha nyasi za juu, akamrudisha mvua iliponyesha. Hakuna aliyemwomba. Mnyama wa Paker wako akipata shida, shida ni yako.

Mnaona nilipofika. Sikudhani alikuwa ameanza kuonyesha mbavu. Nilikuwa namkatia migomba, nalowesha mabua ya mahindi kwenye maji ya chumvi ili yalainike na yampe hamu, na bado kila siku nundu ilikuwa inalala upande. Kule juu nyasi zilikuwepo. Kilichonipungukia ni jina.

Nikapiga hesabu kama nilivyofundishwa. Mbuzi mmoja ndiye alikuwa anatupa maziwa ya chai, mwingine ana mimba. Kondoo ni wa Aayo, na kumwomba Aayo kondoo ili nishinde sharti la Aayo kulihitaji uso mgumu kuliko wangu. Ng'ombe ndiye mgonjwa mwenyewe. Nikajisemea: kanuni ni kwamba mnyama hai atoke mkono mmoja aende mwingine kwa moyo mweupe. Hakuna mahali ambapo kanuni imetaja idadi ya miguu.

Siku ya mnada, Aayo akiwa amekwenda kuuza vitunguu, akina mama wa Endulen wakafunga mizigo uani kwetu. Nikamfuata Nashipai na jogoo kwapani.

"Huyu ni wako," nikasema.

Alimtazama jogoo. Jogoo akamtazama kwa jicho moja, akageuza kichwa, akamtazama kwa la pili.

"Nimpeleke kwa nani?"

"Kwako. Nimekupa."

"Mimi."

"Wewe."

Aliwageukia wenzake akasema maneno mawili ya Kimasai. Mmoja wao akakaa chini. Mwingine akaenda nyuma ya punda, na punda akaanza kutikisika, nikajua anacheka amemwegemea. Nashipai peke yake hakucheka. Nadhani alikuwa anatafuta mahali pa kuiweka zawadi yangu, akakosa.

"Msomi, anakula nini huyu?"

"Chochote. Anakula kupe."

"Na sisi tunakula nini kwake?"

Hapo ndipo nilipokumbuka, na nilikumbuka kwa kuchelewa, kwamba watu wa boma lake hawali kuku. Kwao kuku ni ndege, na ndege ni wa porini, hata akilala kitandani. Lakini zawadi iliyokwisha nyooshwa hairudi kwapani. Nashipai akampokea kwa mikono miwili, kama inavyotakiwa, akamfunga miguu kwa kamba laini juu ya punda, katikati ya magunia. Wakaondoka. Jogoo akawika njia nzima ya kijiji, yuko juu ya punda, na watoto wote wa shule nyuma yake.

Hakuniita jina lolote.

Kazi ya kufuga ina siku nyingi za kungoja, na habari za jogoo ndizo zilizonifikia kabla ya mvua. Kila mtu aliyeshuka kuja mnadani alikuwa na yake. Jogoo amempiga mbwa. Jogoo anawika kabla ya mwenye boma kuamka, na mwenye boma, mume wa Nashipai, amesema katika boma lile kuna mwanaume mmoja tu wa kuamsha watu. Jogoo analala juu ya paa la nyumba ya mke mdogo, na mke mkubwa amelalamika. Kwa kuwa hakuna anayemla, amenenepa mpaka fisi wanakuja kumtazama kwa mbali kama watu wanaosoma bei dukani.

Halafu vijana wawili wa Kimasai, mashuka mekundu, mikuki begani, wakasimama kwenye lango letu asubuhi moja. Aayo alikuwa anatoa samadi.

"Shikamoo, Koko," mmoja akasema kwa adabu kabisa, maana koko kwao ni bibi. "Hapa ni kwa mtu wa ndege?"

"Ndege gani?"

"Wale wanaoitana Pakuku," akasema wa pili, na wakashindwa kujizuia, wakaegemeana.

Aayo akaweka karai chini. Akawauliza kila kitu, wakamwambia kila kitu, wakaagana naye vizuri, wakaenda zao. Mimi nilikuwa nyuma ya kabichi na nilibaki huko kadiri nilivyoweza.

"Toka," akasema. "Kabichi haifichi mtu mzima."

Nikatoka.

"Baba yako," alianza, "alipewa ng'ombe na watu wa Ngorongoro, na alitoa ng'ombe. Alipokufa walikuja kumlilia kutoka huko wanakotoka, kwa miguu. Wewe umewapelekea kuku."

"Aayo, tuulize kwanza. Kwa nini kuku si mfugo? Ana mwenyewe, anafugwa, anazaa, anafanya kazi. Huyu anatoa kupe."

"Mfugo akifa, majirani wanakuja kukupa pole," Aayo alisema. "Kuku akifa wanakuja kula."

Nimesoma maana nyingi za neno mfugo katika maisha yangu, na hiyo ndiyo ambayo sijawahi kuivunja.

Nilimweleza basi yote: jina, nyasi za juu, ndama wa Mama Bura, na kwa nini nilimtoa jogoo. Akasikiliza. Aliposikia kwamba nilikuwa natafuta njia ya kumwokoa Sikudhani, macho yake yakawa membamba, maana alielewa kuwa kosa langu lilikuwa linapigana na sharti lake.

"Ng'ombe wako akifa kwa kiangazi, hiyo ni kazi ya Mungu na wewe unapanda basi," akasema. "Lakini mimi sitazikwa nikiitwa mama wa Pakuku."

Nashipai aliporudi na punda wake, Sikudhani alikuwa hawezi kusimama mpaka asaidiwe. Tulikuwa tunamwinua asubuhi, mimi nyuma nimeshika mkia, Aayo mbele akimsemesha, na kila akisimama Aayo alikuwa anaguna, sijui kwa faraja au kwa hasara. Mama Bura alishasema tumuite mchinjaji angali na nyama kidogo.

Nashipai akatua mizigo, akanywa chai, akanipa ripoti bila kuulizwa.

"Ndege wako anafanya kazi," alisema. "Ndama wangu wana masikio safi. Mke mwenzangu anataka wa kwake."

Nikanyoosha mgongo. "Kwa hiyo?"

"Kwa hiyo nini?"

"Jina."

Akafikiri kwa haki kabisa, nampa sifa hiyo. "Kazi si jina," akasema.

Hapo Aayo akatokea nyuma ya nyumba akimvuta kondoo wake, jike, mweupe mwenye kichwa cheusi, mkia mnene. Kondoo yule alikuwa wa Aayo peke yake. Alikuwa anamlisha maganda ya viazi kwa mkono, na mimi binti yake nilikuwa natumwa kufunga mlango ili kondoo asipigwe na upepo. Akampeleka mpaka mbele ya Nashipai, akaiweka kamba mikononi mwake.

"Mwanangu amesoma sana," Aayo alisema. "Msamehe."

Nashipai akasimama. Akapitisha mkono mgongoni mwa kondoo mpaka mkiani, akaupima mkia ule kwa kiganja, na kwa mara ya kwanza nikaona meno yake yote.

"Paker," akasema.

"Paker," Aayo akajibu, kama mtu aliyekuwa nalo mdomoni siku zote.

Wakakaa. Wakanywa chai nyingine. Wakaulizana habari za watoto, za mvua, za marehemu baba, ambaye ilionekana watu wa Endulen walimjua vizuri. Mimi nikawa nawamiminia chai, mtu asiye na jina. Kisha Nashipai akageuka, akaliona zizi, akainuka akaenda kumsimamia Sikudhani, aliyekuwa amelala ameweka kidevu chini.

"Paker," akamwita Aayo, "huyu ng'ombe anafanya nini hapa?"

Ningetamani mngeuona uso wa Aayo. Aibu ya kuku ilikuwa imemsahaulisha nyasi za juu; sasa aliiona njia yote kwa mara moja, mwanzo mpaka mwisho, na akaona kwamba yeye mwenyewe ndiye aliyeifyeka. Kama angesema mwache, angekuwa mtu aliyempa rafiki yake kondoo asubuhi na kumnyima urafiki mchana. Kama angesema mchukue, basi la Arusha lingeondoka bila mimi.

"Ni wa huyu," alisema, akininyooshea kidole, kama anajaribu mlango wa mwisho.

"Wa mtoto wa Paker ni wa Paker," alisema Nashipai.

"Mumeo atasemaje?"

"Ng'ombe wa Paker haulizwi."

Aayo akatazama msitu. Akatazama ng'ombe. "Njia ni ndefu," akasema. "Atakufa njiani."

"Tutakwenda polepole. Na akifa atakuwa amekufa anakwenda kula."

Walikaa kwetu siku kadhaa wakimpa uji wa pumba na maji ya uvuguvugu mpaka akasimama peke yake. Uji huo alikuwa anaukoroga Aayo, na hamtanisikia nikisema hakuukoroga vizuri. Kisha wakaondoka naye, mbele punda, katikati kondoo, nyuma Sikudhani akipumzika kila kona.

Hapa kijana mmoja aliwahi kuniuliza, Bibi, na wewe jina ulipata? Nilipata, lakini miaka mingi baadaye, nilipompa Nashipai mbuzi mwenye mapacha. Tukawa Pakine mbele ya watu. Wajukuu zake bado wananiita mtu wa ndege, na mwaka jana mmoja aliniletea trei ya mayai, akasema yametoka Endulen.

Turudi. Baada ya Sikudhani kuondoka nyumba ilikuwa na ukimya wa ajabu. Hakuna samadi mpya ya ng'ombe, nikatumia ile ya zamani kwa kijiko, kama sukari. Kila punda walipoonekana barabarani Aayo alikuwa wa kwanza langoni. Sikujua anaomba habari ipi, na sidhani kama yeye alijua.

Siku moja mfanyabiashara wa ngozi akapita kutoka mnadani akasema ng'ombe wa watu wa Karatu amekufa Endulen. Alisema huku anafunga mzigo kwenye baiskeli yake, kama mtu anayesema bei ya chumvi imepanda. Nikaweka jembe chini. Sharti ni sharti. Nikaanza kunawa mikono.

Aayo akamshika yule mtu baiskeli.

"Ulimwona kwa macho yako?"

"Nimesikia."

"Kwa nani?"

"Kwa watu."

"Watu ni wengi. Ng'ombe wa rangi gani?"

"Mama, mimi nauza ngozi."

"Basi ungeijua rangi yake," Aayo akasema. Akaachia baiskeli, akanigeukia. "Unanawa unakwenda wapi? Mpaka Paker aniambie mwenyewe, hakuna aliyekufa. Maliza tuta."

Miaka yote ile aliniambia maswali yangu yataniua.

Masika yalianza kwa mvua ya kishindo iliyojaza mifereji na kung'oa karoti zangu za juu ikazishusha hadi kwa Mama Bura. Mvua ya pili ilikuwa ya upole. Baada ya ile ya tatu tukasikia kengele za punda, Aayo akatoka bila kujifunika kichwa. Nashipai alikuwa mbele, miguu yote matope, na nyuma yake Sikudhani, tumbo limejaa, ngozi inang'aa, na nyuma ya Sikudhani ndama jike wa siku chache, mwenye masikio yasiyo na kupe hata mmoja. Aliyekufa Endulen alikuwa ng'ombe wa mtu mwingine, tulikuja kuambiwa.

"Paker," Nashipai akasema.

"Paker," Aayo akasema, na akampita, akaenda moja kwa moja kwa ng'ombe. Akamzunguka. Akabonyeza mbavu, hazikuonekana. Akainama akatazama kiwele. Akamfungua ndama mdomo akatazama ulimi. Mimi nikaenda kumshikia Nashipai punda.

"Nilisema awe hai," hatimaye akaniambia. "Sikusema anenepe hivi."

Akaingia ndani. Chini ya kitanda chake kulikuwa na sanduku langu la bati, lile nililosafiri nalo kwenda chuo. Akaliburuta hadi uani, mbele ya mgeni. Nilipolifungua nikakuta ameshanipangia nguo: sketi mbili za ofisini, blauzi zimepigwa pasi ya mkaa, viatu vimefungwa kwenye kitambaa, hata kitana. Sijui alilipanga lini. Zilikuwa zimekunjwa vizuri, vizuri kuliko nilivyowahi kuzikunja mimi.

Akanisogeza pembeni, akazitoa zote kwa kumbatio moja, akaniwekea mikononi. Akaenda jikoni, akarudi na gunia la maharage ya mbegu aliyokuwa ameyachagua moja moja kiangazi chote, akayamwaga ndani ya sanduku mpaka likajaa, akafunga kifuniko, akakikalia.

"Panya hawatoboi bati," alimwambia Nashipai.